Bwana Afya Aliyeanza na Uongo

Watu wawili tu wamewahi kunifokea mbele ya mashine yangu ya kusaga na nikawaacha waende zao: mke wangu, na Bwana Afya. Mke wangu ana haki yake. Bwana Afya alijipa mwenyewe.

Jina analo, tena zuri la kanisani, lakini hapa Mfaranyaki jina hilo halimfikishi mtu kwake. Ukiliuliza utazungushwa mpaka jua lizame. Uliza Bwana Afya, hata muuza karanga atakuonyesha geti. Serikali ilimpa kazi ya kukagua usafi akiwa kijana, ikamhamisha huku na huku, mwisho ikamstaafisha. Barua ya kustaafu ilimfika mkononi, kichwani haikuingia. Mpaka leo anakagua.

Akija kwako hapigi hodi mbele. Anazunguka nyuma kwanza. Anatazama choo, shimo la taka, kichanja cha vyombo, kamba ya nguo, kisha ndipo anatokea barazani kukusalimia, na salamu yake inakuja na hukumu ndani. "Habari za hapa? Mfuniko wa choo umepasuka." Hakuna kupumua katikati. Mgeni asiyemjua anajibu "nzuri" kabla hajaelewa kwamba ameshtakiwa.

"Sebule mtu anampangia mgeni," husema. "Choo anajipangia mwenyewe. Mimi nataka kumjua mwenyewe."

Kuna harusi moja ya Ruhuwiko alialikwa kama mgeni wa heshima. Wenzake wakakaa meza kuu, yeye akaenda jikoni. Akakuta kachumbari imekatwa na mama ambaye kidole chake kimefungwa kitambaa. Akaimwaga yote, beseni zima, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Bibi harusi alipopewa habari akalia, na nusu ya ukumbi wakampigia vigelegele wakidhani ni machozi ya furaha. Mama wa bwana harusi hakusema naye mwaka mzima. Yeye akasema mwaka ni muda mfupi, kuna watu wanaharisha wasirudi kabisa.

Mimi naye tulipatana kwa kugombana. Nasema wazi, darasa la nne sikulimaliza. Nilianza kwa kubeba magunia sokoni, mgongo huu ndio ulionunua mashine ya kwanza, na ya kwanza ikanunua ya pili. Waliosoma wote wa mtaa huu wanakuja kwangu na debe kichwani. Kwa hiyo sitishwi na cheti. Yeye alisomea chuo, anajua kwa nini mtu anaharisha. Mimi najua nani anaharisha, maana asiyekuja kusaga wiki nzima ana sababu. Tukiunganisha tulikuwa zahanati kamili. Lakini kuungana kulichukua muda, kwa sababu siku ya kwanza aliyoingia mashineni kwangu alipitisha kidole juu ya pipa la unga, akakitazama, akanionyesha mimi, mbele ya wateja. Nikamwuliza kidole chenyewe amekitoa wapi. Wateja wakacheka. Naye akacheka, baadaye sana, kama mtu aliyekumbuka kwamba kucheka kunaruhusiwa.

Simu alikuwa hazipendi. Alisema ni kitu kinachoingia chooni na mwenyewe kisha kinatoka kuwekwa mezani pembeni ya ugali, na hakuna anayekiosha. Ya kwake ilikuwa ndogo ya vitufe, aliifuta kwa kitambaa kila jioni kama taa ya chemli.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa mapafu uliozunguka dunia nzima. Wengine tulikuwa tunatafuta ndimu na tangawizi, yeye akanunua simu kubwa.

Ilinishangaza. Nikamuuliza, akanijibu akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na fimbo ameinyoosha katikati yetu kama mpaka wa shamba.

"Sasa siwezi kuzunguka nyuma ya nyumba za watu, Mzee wa Mashine. Nikiuchukua kwa huyu nitaupeleka kwa yule. Basi nitazunguka kwa hii."

Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu wote. Ya kweli alinipa mimi siku nyingine, mashine ikiwa imezimwa kwa kukosa umeme. Ana dada yake Maposeni, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Mama yao alifariki yeye akiwa hajatembea, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akaacha shule ili yeye aende. Sasa ni bibi kizee, ana pumu ya tangu zamani. Msimu wa kupukuchua mahindi vumbi linamkaba mpaka anakaa wima usiku kucha.

"Ugonjwa huu unapenda vifua," akaniambia. "Na kifua cha dada yangu kimekwisha liwa nusu. Nimefunika vyoo vya mkoa mzima huu. Nikimkosa huyu mmoja, nitasema nilifanya kazi gani?"

Kwenda kwake aliogopa asije akawa yeye ndiye anayempelekea. Kwa hiyo alipofungua grupu la afya la mtaa, namba ya kwanza kuiingiza haikuwa ya mtu wa mtaa. Ilikuwa ya Maposeni. Dada hajui kusoma, ndiyo sababu Bwana Afya hakuandika kitu, alisema kwa sauti. Kila alichokisema alikuwa anamwambia dada yake. Sisi wengine zaidi ya mia tulikuwa tunasikiliza tu dirishani.

Nianze na ukaguzi wa picha, maana ule ulituumbua.

Alitaka kila kaya iwe na kibuyu chirizi. Kwa asiyekijua, ni kidumu kilichoning'inizwa kwenye mti, kina kamba chini, unakanyaga kijiti, kinainama, kinakumwagia maji ya kunawa, hukigusi kwa mkono. Na sabuni pembeni kwenye uzi. Akaagiza: kila kaya itume picha kwenye grupu kufikia Jumapili baada ya misa. Wa msikitini akawapa mpaka Ijumaa, akasema hapendelei dini, bali Ijumaa inakuja mapema.

Picha zikamiminika. Vibuyu chirizi vizuri, kamba mpya, sabuni ya bluu. Bwana Afya akazitazama siku mbili. Siku ya tatu akatuma sauti fupi kuliko zote alizowahi kutuma. "Nampongeza jogoo wa Mzee wa Mashine. Amekagua kaya kumi na moja, na kila alipofika amesimama upande wa kushoto."

Kumbe mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutengeneza chetu, akakipiga picha, na jogoo wetu asiye na mkia akajisogeza kwenye picha. Jirani akaiomba ile picha aone kinavyofungwa. Jirani akampa jirani. Hakuna aliyeona haja ya kufunga kamba wakati picha ipo tayari. Mimi niliaibika kwa niaba ya jogoo. Yeye akabadilisha utaratibu: si picha tena, ni video, mwenye nyumba ananawa huku akiitaja siku ya leo. Hapo vikatengenezwa kweli. Kuna mama mmoja alinawa vizuri mno, na nyuma yake mume wake akapita na taulo akienda kuoga. Video hiyo ilitazamwa na watu wengi kuliko zote, na Bwana Afya akasema hajali, mradi katikati ya kucheka wameona sabuni inavyopakwa mpaka nyuma ya viganja.

Alikuwa na makosa yake. Sitayaficha, hata yeye hakuyaficha. Atakusimamisha hatua tatu kwa fimbo, atakunyima mkono hata msibani, jambo ambalo kwetu mtu anaweza kulikumbuka mpaka kwa wajukuu. Halafu, akiisha kukuweka mbali vile, anatoa kikopo cha ugoro, anachota, ananusa, ananyoosha kikopo kilekile kwako juu ya fimbo ileile. Mke wangu alimwona.

"Shemeji, na huo ugoro je?"

"Ugoro mkali huu, shemeji. Hakuna kijidudu kinachoishi humu."

"Mbona wewe unaishi?"

Alifunga kikopo. Kesho yake asubuhi akajishtaki mwenyewe kwenye grupu, akataja siku, mahali, na pua ngapi zilishiriki. Hakuacha ugoro, ila tangu hapo kila mtu akawa na kikopo chake. Barakoa pia, alikuwa anaishusha kidevuni kila anapotaka kutuhimiza tuvae barakoa, kwa sababu alitaka asikike.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa heshima. Nitaeleza.

Kabla ya hapo aliwahi kukaa miaka mingi kama mzee wa baraza la kata, lile linalosuluhisha kesi za mipaka, mbuzi na matusi. Kule alijifunza kwamba mshtaki husema kwanza, asikatizwe. Kisha mshtakiwa hujitetea. Mwisho ndipo wazee hutoa uamuzi. Aliupenda sana utaratibu huo, alisema ndio unaotutenga na mbwa. Basi kila uongo ulipozuka mtaani kuhusu ugonjwa, aliufungulia kesi kwenye simu. Akatuma sauti tatu. Ya kwanza uongo unajieleza. Ya pili ukweli unajibu. Ya tatu hukumu. Zote pamoja hazikupungua dakika kumi na moja.

Na uongo akiusema yeye ulikuwa mtamu. Hakuupunja. Aliona si haki kuusema kwa dharau, kwa hiyo aliupa sauti nzito, mifano, methali, hata kikohozi cha mtu mzima katikati. Ukweli ukija kwenye sauti ya pili ulikuwa umechoka tayari. Na watu wetu bando zao unazijua. Sauti ya kwanza inashuka, ya pili inazunguka zunguka kile kiduara, ya tatu haijaonekana bando limekata. Lakini ile ya kwanza mtu anayo mkononi, basi anaituma kwa shangazi yake.

Kesi ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndiyo iliyonifungua macho. Sauti ya kwanza ilisema hivi, ninaikumbuka maana niliisikia kila kona: "Wapo wanaosema kwamba ulanzi, hasa ule mkali wa siku ya tatu, unaosha koo, unakiua kijidudu kabla hakijashuka kifuani. Na wanatoa mfano, wanasema, umewahi kumwona mlevi ana mafua?" Jamani. Kufikia mchana kilabu cha ulanzi kilikuwa kimejaa bega kwa bega, watu wakinywa dawa. Na jioni mama muuza ulanzi akaja getini kwa Bwana Afya, amebeba dumu zima kichwani, amepiga magoti nalo.

"Shikamoo baba. Nimeleta shukrani."

"Marahaba. Shukrani ya nini?"

"Ya tangazo, baba. Tangu asubuhi sijakaa."

"Tangazo gani nimetangaza mimi?"

"Sauti yako si hii? Nimeisikiliza mara tatu. Wateja wanaiweka mezani wakinywa."

"Na sauti ya tatu umeisikiliza?"

Yule mama akalitua dumu chini. "Kumbe kuna ya tatu?"

Bwana Afya akaja mashineni kwangu moja kwa moja, kasahau hata fimbo. Nilizima mashine, na mimi mashine siizimi kwa ajili ya mtu.

"Unaupa uongo kiti cha mbele," nikamwambia.

"Ndiyo haki. Mshtaki husema kwanza."

"Barazani watu mmewakalisha, mnawapa na maji, hawaondoki mpaka hukumu. Kwenye simu mlango uko wazi muda wote. Mtu anasikia nusu anatoka zake."

"Kwa hiyo nihukumu kabla ya kusikiliza?"

"Sikiliza wewe huko chumbani kwako. Sisi tuletee hukumu. Hapa mashine ikinguruma, mteja akija nina neno moja: dona au sembe? Ningeanza na historia ya mahindi, wangesaga kwa jirani."

"Wewe hukusoma."

"Ndiyo maana nasikika."

Hakulipenda neno hilo. Akatoka, akarudi kuchukua kofia, akatoka tena. Kesho yake akafungua kesi nyingine, sauti tatu kama kawaida. Kichwa kigumu kile ningekipenda kiwe cha mashine.

Ikaja chanjo. Yeye akawa miongoni mwa wa kwanza, akapiga picha sindano ikiingia, shati limeshuka begani, akaiweka kwenye grupu. Singlendi yake ilikuwa na matundu matatu. Siku nzima grupu likajadili singlendi. Mmoja akauliza kama hayo matundu ndiko ilikopita sindano. Bwana Afya akavumilia, akasema mradi mkono wameuona.

Kisha usiku mmoja akafungua kesi ya chanjo, na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Mtu wa kwanza kupata sauti ya kwanza alikuwa dada yake. Ilisema: "Wapo wanaosema chanjo hii imeletwa kupunguza wazee. Wanasema serikali zote za dunia zimekaa, zimehesabu, zimeona wazee wanakula na hawalimi." Akaiwekea sauti ya mtu mwenye uchungu hasa. Za pili na tatu hazikufika Maposeni. Mtandao wa kule una siku zake.

Wachanjaji walikuwa wamefika kijijini kwa siku mbili. Siku ya kwanza ikaisha dada hajaonekana. Bwana Afya akapiga simu, na dada akamshukuru.

"Asante mdogo wangu kwa kunionya. Kweli damu ni damu. Nimekaa ndani, siendi."

Akamweleza. Akamweleza tena. Alipomaliza, dada akasema polepole, kwa huruma, kama mtu anayejua anasikilizwa na wengine: "Naelewa. Wamekukalia hapo wakulazimishe kusema hivyo. Usijali, nimekuelewa."

Alinijia asubuhi na mapema, uso kama majivu. Hakusema kitu cha haki wala mshtaki. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa tisa wanaondoka. Twende, wewe unajua kusema na watu." Ni mara ya kwanza aliyekwenda chuo kuniambia hivyo, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Tukachukua bodaboda mbili, kwa sababu mshikaki, abiria wawili nyuma ya dereva mmoja, aliukataa hata siku hiyo. Baridi ya mwezi wa nane inakata masikio. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, mashamba yote mabua matupu ya kahawia.

Dada alitupokea vizuri. Kibibi chembamba, macho makali, kifua kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akatutengea viti mbali kabisa na yeye, na pembeni ya mlango kilikuwepo kibuyu chirizi bora kuliko vyote vya Mfaranyaki. Kila neno la mdogo wake alikuwa amelifuata. Ndiyo iliyokuwa shida.

"Dada, ile haikuwa kauli yangu," akasema. "Nilikuwa nawasemea waongo."

"Mbona ulisema vizuri hivyo?"

"Ndiyo haki, dada, mtu anapewa nafasi ya—"

"Wewe mwenyewe husema sebule ni ya mgeni. Sasa umekuja na mtu, umevaa koti, unasema ya sebuleni. Ule usiku ulikuwa peke yako na simu yako, ulisema ya moyoni. Mimi nimekulea, sauti yako ya moyoni ninaijua."

Mimi nikajaribu. Nikasema, "Dada, huyu ni mjinga wa kusema, si mjinga wa kazi. Nenda ukachanjwe."

Akanijibu kwa Kingoni neno moja nisiloliandika hapa, wajukuu wanasoma.

Bwana Afya akakaa. Tulikuwa tumebishana tangu tufike; saa ya mkononi akaitazama, ilikuwa saa saba na nusu. Halafu akainuka, hakuaga, akatoka nje, akaingia katikati ya mabua mpaka yakamfika kifuani. Akatoa simu. Nikaelewa. Kama sauti inayoaminika ni ya mtu aliye peke yake na simu, basi atakwenda kuwa peke yake na simu.

Nikasimama mlangoni, naona nje, naona ndani.

"Ndugu wananchi, wapo wanaosema," akaanza.

"Futa," nikamwambia.

Akafuta. "Dada yangu mpendwa, katika jambo hili pande zote mbili—"

"Futa. Dona au sembe?"

Akanitazama kama anataka kunipiga. Upepo ukapita, mabua yakagongana, akainua mkono kuyanyamazisha, yakakataa. Akayageukia, akayaambia kwa hasira yanyamaze, kisha kwa upole, kisha nadhani aliyaomba. Alivua kofia. Mara ya tatu sikusikia yote, upepo ulichukua, ila haikupita nusu dakika. Nilisikia "ni mimi", nikasikia "nimechanjwa na nipo", na mwisho, "sitaki kukuzika kwa ugonjwa ninaoujua."

Simu ya dada ikalia ndani. Akaiokota kwenye mkeka, akaiweka sikioni. Alikaa nayo hapo, uso umeelekea dirishani, kifua kinapiga filimbi. Kisha akaishusha, akajifunga kilemba, akauliza viatu vyake viko wapi.

"Twende," akasema, "kabla hawajafunga."

Kituoni alimuuliza muuguzi kama amenawa. Bwana Afya alisimama kona, amegeukia ukuta, anapangusa miwani muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine kwa maneno. Kesi zikafutwa. Sauti moja, nusu dakika, hukumu mbele. "Chemsha maji. Kipindupindu hakina mshtaki." Watu wakawa wanazituma sauti zake mpaka Namtumbo, mpaka kwa watoto wao waliohamia mijini. Akapata na kiburi kidogo, ninachokijua maana na mimi ninacho. Akawa anasema sauti ya nusu dakika ina nguvu kuliko hospitali, na ushahidi anao, uko Maposeni, unapumua.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikwenda Maposeni kutafuta mahindi, nikapita kumsalimia dada. Nikamkuta Bwana Afya yupo, amezeeka, meno ya mbele yamehama, kaketi kwenye kigoda uani na mbele yake wauguzi wawili wa kike wenye madaftari. Walikuwa wametumwa kujifunza namna ya kupeleka habari za afya vijijini kwa simu, na mtu akawaelekeza kwake. Alikuwa ameng'aa kama sufuria ya mgeni. Anawaeleza siku ya mabua, anaigiza upepo, anaigiza mimi, ananiigiza vibaya.

Dada akaniita jikoni. Alikuwa anachagua maharage, mzima kabisa, filimbi ya kifua ipo lakini ndogo.

"Unamsikia?" akaniuliza.

"Namsikia."

"Ile sauti sijawahi kuifungua."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akatupa jiwe la maharage nje, akaendelea kuchagua.

"Niliiweka sikioni tu. Nilikuwa namtazama dirishani. Mtu mzima, mstaafu, amevua kofia, anayaomba mabua yanyamaze. Nikasema huyu mtoto ataanguka presha hapo shambani, kisha nani atanizika mimi? Bora wanichome, kama ni kufa nife yeye ametulia." Akaniangalia. "Mdomo wako hauna mlango, tunajua wote. Hili ulitafutie mlango."

Nikarudi uani. Bwana Afya aliponiona akanyoosha mkono. "Huyu hapa, alikuwepo. Mwulizeni huyu, hajui adabu ya kudanganya. Mzee wa Mashine, waambie. Dada alisikia ile sauti ya nusu dakika, akafanya nini?"

Wale wauguzi wakanigeukia, kalamu tayari.

"Alivaa viatu akaenda," nikasema.

Wakaandika. Bwana Afya alikuwa anangoja niendelee, maana hajawahi kunisikia nikiishia hapo. Akanitazama usoni, kisha machoni, kwa jicho lile lile la kukagua.

"Hujabisha hata neno leo. Unaumwa?"

Nikamwambia kichwa kinanigonga kidogo. Akawaacha wale mabinti na madaftari yao, akanyanyua kigoda, akaja kuketi karibu nami, hatua tatu kazisahau.